Wasusi wenzangu: miguu imekwisha na wanafunzi hawadumu. Tatizo ni kazi au ni sisi?

#1 Mama Rola
Habari za jioni wanajukwaa.

Nina saluni Morogoro mjini, fremu moja yenye viti vitatu na sinki mbili. Kazi hii naipenda, imenisomeshea watoto na imenijengea. Ila mwaka huu mishipa ya mguu wa kushoto imevimba mpaka naogopa kuvaa sketi, na daktari kaniambia nipunguze kusimama. Nipunguze vipi? Jumamosi ya mwisho wa mwezi naanza saa moja asubuhi na wateja wa dawa, mchana wanaingia wa rasta, jioni anakuja binti wa send-off na mashoga zake, wote wanataka kutoka kabla ya saa mbili usiku.

Hapo ndipo nawahitaji wanafunzi, na hapo ndipo penye shida ya pili. Wasichana wanakuja, wanajua kuosha, wanajua kuchambua rasta, wakifika kwenye twende kilioni wanaanza kukosa siku moja moja, halafu hawaonekani tena. Wa mwisho alikuwa na mkono mwepesi, mistari inanyooka bila hata kurudia chanuo. Nilipomuuliza kwa nini anaacha, aliniangalia miguu kwanza ndipo akajibu: "Mama, mimi naogopa kufika huko."

Nauliza wenye saluni, waliojifunza, hata walioacha: hawa watoto wanatukimbia kwa sababu gani hasa? Na unamtiaje moyo binti wa miaka 18 kwenye kazi anayoona kwa macho yake inavyomla bosi wake? Sitaki kumdanganya mtu.

#2 Kisiki cha Mpingo
Pole sana dada. Ila jibu ni moja tu: simu. Mke wangu ana saluni Dodoma, mwanafunzi anashika rasta mkono mmoja na simu mkono wa pili. Zamani mtu alifagia na kufua taulo mwaka mzima ndipo anapewa chanuo, na hao ndio mafundi tunaowasifia leo.

#3 Mwanamwali wa Sinza
Shikamoo Mama Rola, na pole.

Kaka Kisiki, mimi ni mmoja wa hao waliokimbia, kwa hiyo niruhusu nijibu. Nililipa laki na nusu nifundishwe miezi mitatu. Muda mwingi nilifua taulo, nikatumwa chips za wateja, nikambembeleza mtoto wa bosi. Nikigusa kichwa cha mteja naambiwa niache, nitamharibia jina. Nauli natoa mwenyewe, chakula natoa mwenyewe. Siku nilipouliza nitaanza lini kusuka, niliambiwa nina kiburi. Hapo simu inahusikaje?

#4 Kinyozi wa Kirumba
Namuunga mkono #3. Na kuna jambo halisemwi: mafundi wanaficha ujuzi. Kabla sijahamia kwenye unyozi nilikaa saluni moja ya kike hapa Mwanza. Bosi alikuwa anakoroga rangi nyuma ya pazia, anatoka na bakuli tayari. Hujui kaweka nini wala kiasi gani. Anaogopa ukijua utafungua fremu mtaa wa pili na kuondoka na wateja wake. Sasa mwanafunzi akae anangoja nini?

#5 Kisiki cha Mpingo
Na kweli wanafungua mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Tumeyaona.

#6 Msusi wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu wengi tunafanya kazi kwa kamisheni, na mimi nimeamua mwanafunzi alipwe kitu kwa kila kichwa alichoshika, hata kama kazi yake ilikuwa kumalizia ncha. Mmewahi kufika Kenyatta Market pale Nairobi? Utakuta mteja mmoja amezungukwa na wasusi watatu au wanne, kila mmoja na upande wake wa kichwa. Mgeni anajifunza papo hapo akiwa katikati ya wenye uzoefu, na kichwa ambacho mtu mmoja angekisuka siku nzima kinaisha saa chache. Mgongo unapona, mteja anafurahi, na msichana anarudi nyumbani na pesa mkononi. Wangu wamekaa.

Kwa upande wa afya, mimi si miguu, ni mkono. Ukisuka knotless (rasta zisizoanza na fundo) ndogondogo, kidole gumba na cha shahada vinabana nywele, cha kati kinavuta, kidole kidogo kinashikilia rasta isiteleze, na kifundo kimekunjwa saa zote hizo. Usiku naamka vidole vimekufa ganzi, naukung'uta mkono mpaka damu irudi. Kuna mwingine ana hii?

#7 Mama Mabutu
Niko na hiyo! Nilidhani ni baridi yabisi. Nikameza diklofenaki kila jioni mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

#8 Tabibu wa Kata
Nimesoma uzi wote, nichangie kidogo kwa fani yangu.

Mama Rola, hiyo mishipa (vena) ina vali ndogo ndani zinazozuia damu isirudi chini. Ukisimama pahali pamoja muda mrefu msuli wa shavu la mguu haufanyi kazi ya kuisukuma damu juu, vali zinalegea, mshipa unatanuka. Kwa hiyo kinachoumiza zaidi ni kusimama bila kutembea. Soksi za kubana husaidia, zivaliwe asubuhi kabla miguu haijavimba, lakini pata vipimo kwanza kwa mtaalamu maana wapo ambao hazifai kwao. Inyanyue miguu juu ya usawa wa moyo ukifika nyumbani. Ukiona mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo, linaweza kuwa bonge la damu.

Msusi wa Nakuru, dalili zako zinafanana na neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuna kifaa cha kufunga mkono usiku ili kifundo kisikunjwe. Ukiwahi inarekebishika, ukichelewa msuli wa gumba unaanza kusinyaa na chanuo litakuwa linakudondoka.

Mama Mabutu, acha hiyo diklofenaki ya kila siku, nakusihi. Inachubua tumbo na figo pia inazigusa.

#9 Mama Mabutu
Asante tabibu. Lakini vidonda vya tumbo si vinatokana na kukaa na njaa? Sisi saluni tunakula saa kumi jioni, siku nyingine hatuli kabisa.

#10 Tabibu wa Kata
Njaa inakuongezea maumivu, ila vyanzo vikuu viwili ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori na hizohizo dawa za maumivu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua huyo bakteria. Kapime. Na kula mchana, sijasema usile.

#11 Binti Makorora
Mimi sikubali kwamba ni kusimama. Mama yangu hajawahi kusuka hata kichwa kimoja, alikuwa muuza vitumbua, anakaa kwenye kigoda tangu alfajiri. Mishipa anayo miguu yote miwili. Bibi yangu alikuwa nayo, na mimi nimeanza kuiona baada ya mtoto wa pili. Hiyo ni damu ya ukoo.

#12 Mjukuu wa Bibi
Asalam aleikum. Huku Unguja wazee watakwambia ni baridi. Saluni zimewekwa vigae chini, kiyoyozi juu, msusi kavaa ndara na siku nzima anachezea maji. Bibi yangu amesuka watu maisha yake yote, mguu wake msafi. Lakini yeye hakusimama: alikaa kwenye kiti kifupi uani, anayesukwa anakaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake. Jioni anajichua kwa mafuta ya karafuu. Kusimama kumekuja na hivi viti vya kuzunguka.

#13 Chanuo la Mkia
#12 umesema jambo. Hata Wamasai wanaosuka rasta Kariakoo utawaona, wengi wamekaa na mteja kakaa chini yao. Ila uliza migongo yao. Ukiinama kichwa mbele namna ile kutwa nzima, shingo inakwambia usiku.

#14 Tabibu wa Kata
Binti Makorora yuko sahihi nusu: ukoo, ujauzito, uzito na umri vyote vina sehemu. Kusimama kunaongezea juu ya hivyo. Baridi ya vigae sina ushahidi nayo, ila ndara sizitetei. Mafuta ya karafuu yanapunguza maumivu ya misuli, basi. Msichue kwa nguvu juu ya mishipa iliyovimba.

#15 Mjukuu wa Bibi
Bibi atakutafuta, tabibu.

#16 Dada Anti
Mnaongelea miguu na vidole, mmesahau kinachoua. DAWA. Ile ya kunyoosha nywele imethibitishwa inaleta kansa ya kizazi, na sisi ndio tunaoivuta kila siku. Mimi binti yangu hatashika kopo la dawa hata kwa mtutu. Hicho ndicho kinachowakimbiza wanafunzi, wanasoma mtandaoni siku hizi.

#17 Chanuo la Mkia
Dada Anti, hapo tuwe waangalifu. Utafiti unaousema ulitoka Marekani Oktoba 2022, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia dawa za kunyoosha mara nyingi, zaidi ya mara nne kwa mwaka, walionekana na saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa makadirio yao ni kama 4 katika kila 100 wakifika miaka 70, dhidi ya kati ya 1 na 2 kwa wasiotumia. Wameonyesha uhusiano, hawajathibitisha chanzo. Na walioulizwa ni watumiaji, hawakuwa wasusi.

Kwa wasusi kuna jambo jingine. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, tangu 1993 limeiweka kazi yetu kwenye kundi la zile ambazo huenda zinasababisha saratani. Formaldehaidi, kemikali ambayo iko kwenye baadhi ya keratini za kunyoosha, iliwekwa kundi la juu kabisa, la vinavyosababisha saratani, mwaka 2004. Hiyo ukiipitishia pasi ya moto inageuka mvuke, macho yanawasha, koo linakauka. Ukiona mteja na msusi wote wanatoa machozi kwenye fremu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya kiyoyozi, jua mnavuta nini.

#18 Mama Mabutu
Mimi natumia ile ya "no lye" kwa hiyo niko salama.

#19 Chanuo la Mkia
Hapana mama. Ile nyingine, ya "lye", ina sodiamu haidroksaidi, ya kwako unachanganya krimu ya kalsiamu haidroksaidi na kimiminika cha guanidini. Zote ni kali kwa ngozi, ndiyo maana zote zinababua kichwa zikikaa zaidi ya muda. Glavu ni lazima kwa zote. Na unga wa kublichi ndio unaowaletea wengi pumu ya kazini, usiukoroge karibu na pua.

#20 Mkimbiza Treni
Habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nasomea hii kazi Ujerumani, mwaka wa pili. Huku mafunzo ni miaka 3: siku nyingine uko saluni, siku nyingine uko shule ya ufundi. Unalipwa posho, na tangu 2020 sheria imeweka kima cha chini cha posho ya wanafunzi. Jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa kukata nywele, lilikuwa glavu: lini uvae, lini ubadilishe, krimu gani upake mikono kabla na baada ya kuosha. Wanasema mikono ikikaa kwenye maji zaidi ya saa mbili kwa siku tayari ni hatari kwa ngozi.

Lakini msidhani huku hawakimbii. Darasani kwetu wameacha kadhaa, na mapato ya kazi hii yako chini kuliko fani nyingi. Kwa hiyo glavu na posho peke yake hazitoshi kumbakiza mtu.

#21 Kisiki cha Mpingo
Ahaa! Si nilisema? Hata Ulaya wanakimbia. Kizazi.

#22 Mwanamwali wa Sinza
Kaka, kasema mapato. Soma tena.

#23 Mshika Dau
Kisiki leo kapigwa msasa. Tukirudi kwenye mapato: lawama nyingine ni za wateja jamani. Mtu anakuja saa kumi na moja jioni anataka rasta za mpaka kiunoni kwa elfu kumi na tano, rasta zenyewe kaja nazo mkononi, na kabla hazijaisha anaanza "dada fanya haraka, mume wangu ananisubiri". Bei hiyo ukiigawa kwa saa ulizosimama, muuza maji stendi anakuzidi. Utamlipa mwanafunzi kwa hela ipi hapo?

#24 Dada Anti
Na asiye na nywele chafu asimame. Wengine hata kuosha hawaji wameosha.

#25 Kinyozi wa Kirumba
Hilo la bei linakuja pia kwa sababu ya mawigi. Msichana ananunua wigi moja anavaa miezi mitatu, vichwa vimepungua. Mwanafunzi mwenye akili anaona mbali: anajifunza kushona wigi nyumbani akiwa amekaa kwenye kochi, anauza mtandaoni. Huyo hajakimbia fani, kakimbia fremu.

#26 Mama Rola
Nimewasoma wote, asanteni. Tabibu, soksi nimeulizia, kesho naenda kupimwa.

Ila nisiache jambo lipite. Mwanamwali, mwanangu, pole kwa uliyopitia, lakini mimi wanafunzi wangu siwatozi ada na nauli nawapa. Simfichi mtu rangi, nakoroga mbele yao na kiasi nakisema kwa sauti. Na bado wanaondoka. Kwa hiyo hela na kuficha ujuzi vinaeleza saluni nyingine, kwangu havielezi. Ndiyo maana naamini ni hiki walichokiona kwenye mwili wangu. Mtoto anakuja asubuhi ananikuta nimesimama, anaondoka usiku ananiacha nimesimama, chakula changu kimepoa juu ya draya. Nikimwambia kazi hii ina heshima, anaiona wapi?

Jana nimejaribu jambo. Nimemuweka kigoda kirefu binti mmoja aliyebaki, nimekishusha kiti cha mteja mpaka kichwa kiwe usawa wa kifua chake, nikamwambia asuke amekaa, na kila mistari minne asimame azunguke mteja. Mwanzoni alicheka, anasema wateja watamuona mvivu. Amemaliza kichwa chote bila kujishika kiuno. Mteja hakusema kitu.

#27 Msusi wa Nakuru
Safi sana mama. Na choo je? Mimi fremu yangu ya kwanza haikuwa na choo, tulikuwa tunabana mkojo mpaka jioni na maji hatunywi makusudi. Wasichana wawili waliugua njia ya mkojo kwa kupokezana. Nilipohama niliangalia choo kabla ya kuangalia barabara.

#28 Mwanamwali wa Sinza
Asante mama kwa kunijibu. Nami nisiwe mbishi, wapo wema. Lakini kuna kitu kimoja hujakitaja: kule kwako binti akimaliza anatoka na nini? Mimi nilitoka mikono mitupu. Ukienda saluni nyingine wanakuuliza umejifunza wapi, unasema kwa mama fulani, wanakuanzisha tena kwenye taulo. Ningejua mwisho wake kuna karatasi ningevumilia hata taulo.

#29 Chanuo la Mkia
VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Huhitaji kurudi darasani miaka, wanakupima unachokijua kwa vitendo, wanakuonyesha penye upungufu, ukifaulu unapata cheti. Kenya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya gredi, III mpaka I. Mama Rola ungeweza kumwambia binti siku ya kwanza kabisa: tunakwenda mpaka kwenye mtihani huu.

#30 Msusi wa Nakuru
Kweli, gredi III ndiyo mlango. Ila ada ya mtihani analipa nani? Hapo ndipo wengi wanakwama. Na bima je, mwanafunzi anaingia wapi? Huku NHIF, mfuko wa bima ya afya, iliisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, kima cha chini 300 kwa mwezi, na kwa sisi tusio na mwajiri wanataka ya mwaka mzima kwa mpigo.

#31 Kinyozi wa Kirumba
Mikoani huku mimi nilikata CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwanafunzi wangu yumo kwenye kaya yake, nilimlipia mama yake nusu. Kijana hajaondoka mpaka leo. Sijui kama ni bima au ni kwamba anapenda sana mashine.

#32 Kisiki cha Mpingo
Ni bosi mkarimu. Mkiwalea hivyo watazoea. Mke wangu kasoma uzi huu, anasema niwaambie nimekosea kuhusu simu, lakini hilo ni la kwake. Kaniomba niulize: Mama Rola, hicho kigoda kirefu umekipata wapi, na kinapanda na kushuka?

#33 Mama Rola
Mwambie ampe fundi seremala vipimo vya kiti chake, changu kimechongwa kwa mbao ya mkongo, hakipandi wala hakishuki. Kinachopanda na kushuka ni kiti cha mteja.

#34 Mama Mabutu
Cha kwangu kiti cha mteja pampu imekufa, kinashuka chenyewe mtu akikaa. Kuna anayejua fundi wa pampu hizi, niko Iringa?